Kigeti cha Celeste na Matofali ya Dairo

Benchi la Mama Fabiola liko pale kona ambapo lami inachoka kupanda mlima na kuziachia ngazi kazi iliyobaki. Ukikaa hapo asubuhi, Medellín yote iko chini ya miguu yako na huna haja ya kuiangalia, maana umbea wote uko huku juu. Kahawa ni nyeusi, ya vikombe vidogo vya plastiki, inamiminwa kutoka kwenye chupa ya chai ambayo mfuniko wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Wenyeji wa benchi ni watatu. Yupo Simenti, mwashi mstaafu ambaye mikono yake bado inataka kazi ila magoti yamekataa. Yupo Antena, fundi redio. Watu wameziacha redio, basi siku hizi anatangaza mwenyewe. Na yupo Mzee Evelio, aliyeendesha basi la mtaa huu mpaka macho yakagoma, bila kugonga hata kuku, ndiyo maana wakamwita Breki. Jumamosi ile jina hilo lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Alikuja na mjukuu wake, Celeste, amempakata huku mtoto akitafuna kipande cha arepa, mkate wa mahindi. Kahawa aliipokea, hakuinywa. Akawaeleza kwamba jana, baada ya chakula cha mchana, alimlaza mtoto kwenye mkeka, akaweka kiti mlangoni, naye akapumzisha macho. Celeste ana mwaka na kidogo, kutembea amekujua juzi tu. Evelio alipofumbua macho, mkeka ulikuwa mtupu. Alimkuta nje, kwenye ngazi ya zege isiyo na pa kushika, yeye na mbwa wao Kapteni, wamekaa kama abiria wanaosubiri basi.

— Ngazi hii hii? akauliza Simenti.

— Hiyo hiyo.

— Na kiti?

— Kakisukuma.

— Na wewe Breki, ulikuwa wapi?

— Nimeshakwambia, nilikuwa napumzisha macho.

Hakuna aliyecheka. Ngazi ile wanaijua: inaanza barabarani, inapita mlangoni kwa Evelio ghorofani, halafu inaendelea hadi juu ya paa. Imeshavunja nyonga ya mpangaji mmoja na ya mhubiri mmoja aliyekuja kumwombea huyo mpangaji. Mama Fabiola akafanya ishara ya msalaba na chupa ikiwa mkononi, kahawa ikamwagikia Antena gotini. Antena akasahau kulalamika.

Evelio akamalizia lililokuwa linamtafuna. Mtoto alikuwa na vumbi jekundu viganjani na magotini. Alimnawisha haraka kabla mama yake hajarudi, lakini jambo lenyewe hakuweza kulificha. Binti yake Nubia anashona jinzi kiwandani, na anarudi jioni amechoka. Evelio alijiandaa kupigiwa kelele. Nubia hakupiga kelele, na hapo ndipo baba mtu alipoogopa kwelikweli.

— Kasemaje? akauliza Mama Fabiola.

— Kasema, "Baba, kesho jioni nikirudi nikute geti. Nisipolikuta, Jumapili nampeleka Celeste kwa bibi yake mzaa baba, Apartadó. Akae huko."

Apartadó ni safari ya kukesha ndani ya basi. Evelio ameishi na usukani maisha yake yote, haelezwi na mtu maana ya umbali. Mtoto akipelekwa huko atamwona Krismasi, naye mtoto atalia kama ameona mgeni. Mkewe alishazikwa, mwanawe Dairo yuko Chile. Nubia akienda kazini, nyumbani angebaki yeye na mbwa, na mbwa mwenyewe mchana kutwa yuko juu ya paa anabwekea pikipiki.

Kwa hofu ile, kila mtu akatoa dawa yake. Simenti alitaka geti la chuma la kuchomelea, lenye kufuli, kama la benki. Antena akasema chuma kinavuta radi. Yeye angemfunga mtoto kikengele, na mbwa kengele kubwa zaidi, halafu kipaza sauti kikae chini ya mto wa Evelio. Akaendelea kwamba kichwa cha mtoto ni kizito kuliko makalio yake, kwa hiyo dunia inamvuta kushuka. Dawa ya kisayansi ni kumvika kitu kizito kiunoni mpaka afikishe miaka saba.

— Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, akahitimisha.

— Hizo ni kinga za kuni, wewe mtu, akasema Simenti.

— Hata kuni zina watoto.

Mama Fabiola ndiye aliyewanyamazisha. Akamchukua Celeste, akawapa futi, akawaambia wakapime upana wa ngazi kwanza, ndipo waende dukani, na wasirudi na kengele.

Wakapima, wakashuka mlima wote watatu. Kwenye duka la vifaa, binti muuzaji aliwaonyesha geti la kubana, lile linalokaa katikati ya kuta mbili bila kutoboa. Simenti alilipenda, ila binti akasema la hivyo ni la mlango wa jikoni. Juu ya ngazi mtoto akilisukuma linakwenda naye. Halafu lina kizingiti chini, mzee atajikwaa. La mbao la kufunguka linataka nafasi, na kibaraza cha Evelio ni chembamba. Ndipo akatoa la tatu: wavu mgumu uliojiviringisha ndani ya mrija. Mrija unafungwa ukutani. Ukiuvuta wavu unaziba njia, unaunasisha kwenye kulabu upande wa pili, na kitasa chake kinataka ukibonyeze halafu ukizungushe. Ukiuachia, unarudi mwenyewe ndani.

— Geti la kitambaa? akasema Antena. Jamani, tumefika huko?

Akalisogelea akaliegemea na tumbo lake lote, lile ambalo redio zimemwachia muda wa kulilea. Wavu ukapinda kidogo, ukakaa. Antena akabaki amening'inia pale, mdomo wazi, na ilibidi binti amwombe atoke kwa kuwa watu walianza kuangalia.

Kazi ya kufunga ilikuwa na mshangao wake. Simenti alitoboa ukuta wa kwanza, plagi ya plastiki ya kushikia skrubu ikazama yote ndani na haikuonekana tena. Tofali la huku ni tupu ndani; skrubu ukiiweka humo ni sawa na kuiweka kwenye mkate. Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza kama daktari, mpaka akaipata nguzo ya zege. Akafunga mrija kwenye nguzo, chini kabisa, mtoto asipate pa kupenyeza kichwa, akaweka pimamaji juu yake kuona kama umesimama wima, akaitazama kwa mapenzi.

Kabla hawajatoboa, ubishi mkubwa ulikuwa kigeti kifungwe wapi. Evelio alisema mlangoni. Antena akauliza, mlangoni kukifungwa, mbwa atajisaidia wapi? Kapteni choo chake ni juu ya paa tangu alipozaliwa. Na mlango wenyewe kwa Evelio haufungwi mchana. Mtaa huu ukifunga mlango mchana watu wanakuja na maua ya msiba. Hoja ikaonekana ina akili. Basi wakafunga kigeti pale ngazi inapoanza kushuka barabarani: mtoto abaki na kibaraza chake na upepo wake, mbwa abaki na njia yake ya juu. Juu hakuna mtu wa kusumbuliwa. Juu ni ghorofa ya Dairo.

Ghorofa hiyo haipo bado. Watu wa huku hawana shamba la kumrithisha mtoto, wanamrithisha hewa iliyo juu ya vichwa vyao. Evelio alimwaga zege la paa, akaacha nondo zimesimama kwenye kona, zimevalishwa chupa za soda zisipate kutu, akanunua matofali mekundu akayapanga vizuri, na Dairo akaenda Chile kutafuta fedha ya kumalizia. Miaka ikapita. Kila Jumapili Evelio anapanda kukaza turubai lililofunika matofali. Ukuta wa pembeni hajaweka, kwa sababu kila mtu anajenga ukuta wa nyumba yake anavyotaka, na nyumba ile si yake.

Walimjaribu Celeste. Akausukuma wavu kwa mikono miwili, akautazama, akakaa chini. Kapteni akatia pua, akalia kidogo, akageuka akapanda zake juu. Evelio akafuta macho na kusema ni vumbi la drili.

Wakarudi benchini kama timu iliyochukua kombe. Mama Fabiola akawamiminia bila kuwauliza. Celeste sasa alikuwa amesimama katikati ya magoti ya babu yake, na Antena alikuwa anaeleza jinsi kigeti kile kingeweza kuzuia hata maporomoko ya ardhi, ndipo Yusmary alipovuka barabara. Ni dada wa Venezuela, amepanga chumba cha juu nyumba ya mbele, hana hata mwezi. Huwa ananunua mayai kwa Mama Fabiola, anayeuza kila kitu kuanzia kahawa hadi saruji, anasalimia, anaondoka. Leo hakununua kitu. Alisimama akamwangalia Celeste.

— Samahani wazee wangu. Mzee, huyu ni mjukuu wako?

— Ni wangu mimi, akasema Evelio. Karibu kahawa, binti.

— Nilitaka kuuliza jana, nikaona haya, mimi mgeni. Huwa mnamwacha acheze juu ya paa?

Antena alikuwa na kahawa mdomoni, akaimeza vibaya.

— Paa gani? akauliza Evelio.

Yusmary akawaeleza, na alivyozidi kueleza ndivyo sauti yake ilivyozidi kushuka. Jana mchana alikuwa anaanika nguo dirishani. Kutoka benchini paa la Evelio halionekani. Kwenye dirisha lake linaonekana lote. Alimwona mbwa amelala ukingoni, mahali pake pa kubwekea. Kando ya mbwa, mbele ya yale matofali, alikuwa amekaa mtoto, miguu inaning'inia barabarani. Yusmary aliita, mtaa mzima una muziki, nani atamsikia. Aliogopa kupiga kelele zaidi, mtoto asije akashtuka. Basi akampigia mbwa mluzi, ule wa kumwita kwenye chakula. Mbwa akainuka, akaelekea kwenye ngazi. Mtoto akageuka, akamfuata kwa kutambaa. Yusmary alikimbia chini akavuka barabara, na alipofika chini ya ngazi akamwona mzee tayari amemkumbatia mtoto, akarudi kwake.

— Mluzi gani? akauliza Simenti, maana alikuwa hataki kuamini.

Yusmary akapiga mluzi. Juu ya paa Kapteni akabweka mara moja, na Celeste, aliyekuwa na arepa mkononi, akaidondosha na kuanza kutafuta mbwa anakotokea.

Evelio alimshika mtoto kwa nguvu mpaka akalia. Vumbi jekundu. Aliliosha kwa mikono yake mwenyewe na hakujiuliza limetoka wapi, na ndani ya nyumba yake yote hakuna kitu chekundu. Mtoto hakuwa anashuka barabarani. Alikuwa ameshatoka juu. Na wao, watu wazima watatu, wameziba njia ya kushuka kwa pimamaji na kuiacha wazi ile ya kupanda, kwa ajili ya choo cha mbwa.

— Tunakihamisha, akasema Simenti, ameshasimama na magoti yake mabovu. Kinakwenda mlangoni sasa hivi. Mbwa nitampeleka mimi mwenyewe.

— Mkihamishe, akasema Yusmary. Lakini mtoto anakua. Mwakani atajua kukifungua, na paa litakuwa palepale. Si mjenge tu ukuta ule wa ukingoni? Matofali yapo tele, nayaona kila siku. Yale matofali ni ya nini?

Antena, ambaye hajawahi kukosa jibu la swali lolote duniani, aliangalia ndani ya kikombe chake. Mama Fabiola akakaza mpira wa mfuniko uliokuwa umeshakazwa. Wote walikuwa wameiona ile picha ambayo Dairo alituma mwaka juzi: mke wa Kichile, watoto wawili, na nyumba ya bati la kijani, imekamilika na bustani yake mbele. Evelio aliwaonyesha, akairudisha simu mfukoni, akasema bati la kijani linawaka sana jua, na Jumapili ile akapanda kukaza turubai kama kawaida. Tangu siku hiyo benchi zima limejadili marais, ndoa za watu na mwisho wa dunia, lakini matofali hayajawahi kutajwa.

Yusmary akaona amekosea, ila hakujua wapi.

— Samahani mzee, kama nimeuliza vibaya.

— Hujauliza vibaya, binti.

Evelio akanywa kahawa yake, ya baridi, yote kwa mkupuo mmoja. Akamwinua Celeste akampakata.

— Simenti. Kozi ngapi za matofali zitampita mtoto kimo, hata akisimama juu ya ndoo?

— Saba. Tupige nane.

— Nubia anarudi jioni. Kigeti mlangoni kwanza, halafu twende juu. Mama Fabiola, tunaomba mfuko wa saruji, na huyu dada mpe kahawa.

Mama Fabiola akasema kahawa imekwisha, atachemsha nyingine. Antena akainuka, akajipangusa suruali, akasimama pale. Kwa mara ya kwanza siku ile alizungumza polepole.

— Breki, akasema. Na Dairo akija?

Evelio alikuwa ameshaanza kupanda ngazi, mkono mmoja kwa mtoto, mwingine ukutani.

— Akija atapiga hodi kwenye kigeti, akasema. Celeste atamfungulia.