Mkwe Ndiye Aliyeshika Simu

Kwenye basi, muuguzi alimsikia mama wa kiti cha mbele akimnong'oneza jirani yake: "Daktari alitaka nimwonyeshe mshono wa upasuaji kwa video. Uko kwenye kinena, na aliyeshika simu ni mkwe wangu, mume wa binti yangu! Nikasema umekauka."

"Umekauka kweli?"

"Unatoa usaha, mwenzangu."

"Ungemwambia mkwe atoke."

"Kwa mdomo upi? Daktari mwenyewe hakuniuliza niko na nani."

"Usimsingizie daktari. Umedanganya wewe."

Muuguzi akainamisha uso. Naye huwapigia wagonjwa hivyo hivyo. Huwauliza homa, huwauliza maumivu, basi. Gari liliposimama hospitalini, mama hakuinuka. Muuguzi akainama sikioni mwake: "Shuka nami, mama. Aibu ni yetu sisi wahudumu, si yako."