Nililegeza Mguu Mzima

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na mtu aliyesimama mbele yenu na dhambi yake. Mimi ni Lado, mnanijua, yule wa kupanga viti. Naomba leo msinipigie makofi. Mlishanipigia mwaka jana, na makofi yale nusura yanimalize.

Mnakumbuka niliumia goti tukicheza mpira na vijana wa Hai Mauna. Kano ya ndani ya goti ilikatika, nikaenda Nairobi kupasuliwa. Jumapili ya kwanza niliporudi nilisimama hapa hapa, nikaweka magongo chini, nikasema, "Nimepona kabisa!" Makofi na vigelegele! Kumbe wapi. Paja la kushoto lilikuwa limekonda, suruali inapepea upande mmoja.

Na nyumbani Gudele kulikuwa na Mama. Tangu kiharusi kimpate hakuweza kutembea, mimi ndiye niliyembeba. Kila asubuhi namtoa kitandani, namweka chini ya rakuba, kile kibanda cha nyasi uani, akae kivulini asalimiane na wapita njia. Nilipoumia, wanawake majirani wakawa wanambeba, na yeye aliona aibu hadi akakataa kutolewa nje. Siku nzima ndani! Kila nikirudi kutoka kliniki ananiuliza, "Mguu umesemaje?"

Sista Chebet, Mkenya anayenifanyisha mazoezi ya viungo kliniki hapa mjini, alikuwa ananipima nguvu za paja. Unakaa ukingoni mwa kitanda, anafunga mkanda mguuni, kwenye mkanda kuna kipimo, halafu anapaza sauti: "Sukuma! Sukuma! Usiachie!" Namba inatokea. Anapima mguu mzima, anapima ule uliopasuliwa, analinganisha. Zikikaribiana ndipo anakuruhusu kubeba kitu kizito. Zangu zilikataa kukaribiana. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nami nilishatangaza kanisani kwamba nimepona!

Mara ya nne shetani akanionyesha njia, nikaifuata kwa akili zangu timamu. Mguu mgonjwa niliusukuma hadi jasho likanitoka. Mguu mzima nikaulegeza. Nilikunja uso, nikaguna, lakini nikaulegeza. Sista akashangaa, "Lado, huu mzima mbona umeshuka?" Nikamwambia nimetembea sana, nimechoka. Akaniamini. Namba zikakaribiana. Kalas, yakaisha, nikaruhusiwa.

Kesho yake nikambeba Mama. Alicheka, ndugu zangu, alicheka! Siku ya tatu, tukiwa mlangoni, goti likalegea ghafla. Tukaanguka wote wawili, nyonga yake ikapiga kizingiti. Na pale chini, na maumivu yale yote, yeye ndiye aliyeniomba msamaha. "Malesh, mwanangu. Nimekuwa mzito."

Nami nikamwacha aamini hivyo.

Mlikuja kumwona, mkasema ni matope ya mvua. Nikasema ndiyo, ni matope. Lakini Mama alianza kula nusu sahani. Halafu vijiko viwili vitatu, basi. Nilidhani ni maumivu ya nyonga, mpaka jirani yetu mmoja akanivuta kando: "Mama yako anasema anapunguza mwili, usije ukaumia tena ukimbeba." Ole wangu! Nilienda nyuma ya nyumba nikalia kama mtu aliyefiwa. Mama anakaa na njaa kwa ajili ya uongo wangu!

Hapo Bwana alinivunja. Nikarudi ndani. Kupiga magoti sikuweza, nikakaa sakafuni kando ya kitanda, nikamwambia yote: kipimo, mguu mzima, Sista. Ilimuuma, niliona usoni mwake. Halafu akauliza, "Kwa hiyo mimi si mzito?" Nikamwambia, "Mama, hujawahi kuwa mzito." Akasema, "Basi niletee kisra." Alikula sahani nzima ya mkate ule mwembamba wa mtama, mchuzi akaufuta kwa kidole.

Nilirudi pia kwa Sista Chebet, nikamweleza. Alinigombeza vizuri sana, kisha akanipima upya. Safari hii nilisukuma kweli, kulia na kushoto. Tofauti bado ilikuwa kubwa. Niliona aibu, lakini moyo ulikuwa mwepesi.

Baada ya hapo Mama alikaa nasi wiki chache tu. Kama ni ile nyonga iliyomchukua, sijui. Daktari hakusema, nami sikuthubutu kuuliza. Siku ya mazishi nilitembea nyuma ya jeneza, sikulibeba, kwa sababu nilikuwa bado sijaruhusiwa na safari hii nilitii. Ndugu waliolibeba walisema ni jepesi mno.

Namshukuru Mungu kwa ile sahani moja ya kisra. Angeweza kuninyima hata hiyo. Wewe uliyeketi hapo, uliyetangaza uponyaji ambao hujaupata, mwendee Bwana na udhaifu wako ulivyo. Mimi hakunifukuza. Wewe pia hatakufukuza, mwamini!

Na naomba kitu kimoja, ndugu zangu. Kuanzia leo, mtu akiwauliza Mama Lado alianguka vipi, msiseme tena matope. Semeni ni mwanawe alidanganya, na kwamba Mama alimsamehe akiwa hai.