Barua ya Kumwondoa Tabita

Aliyetusimulia kwanza ni baba mkubwa Anania, Pasaka ya mwaka 1958, naye alikuwepo. Ilikuwa Mlowo, msimu wa kuchuma kahawa wa 1952, kwenye benchi la nje ya duka, birika likichemka juu ya makaa. Boazi, mpiga kengele wa kanisa, ambaye wote walimwita Kengele, alikuwa na barua ya kumwomba mchungaji amwondoe Tabita, binti aliyeangalia watoto wadogo wazazi wakiwa shambani. Kosa lake ni kumzuia Lwitiko, mjukuu wa Kengele mwenye miaka minne, asipande bembea mpaka zamu yake ifike. Ilibaki sahihi ya Anania tu. Ya Raphaeli, aliyeitwa Burma kwa sababu alipigana huko, ilikwishawekwa.

Kengele: Mjukuu wangu kasimama juani, anamhesabia mtoto wa kibarua misukumo kumi. Yule juu anabembea, wangu chini anahesabu.

Anania: Si wakifika kumi anapanda yeye?

Kengele: Na mwenzake anamhesabia. Ndiyo malezi hayo?

Burma: Nimeyaona jeshini. Wanakuanzia na bembea, kesho unangoja chakula, keshokutwa unangoja ruhusa ya kukohoa.

Kengele: Ukoo wetu haujawahi kumngoja mtu.

Anania: Ndiyo maana mlikuja kumlilia kaka yangu kabla hajafa.

Burma: Wewe cheka. Huyo mtoto akikua atamkuta simba anakula mbuzi wake, naye atahesabu kumi ili simba ashibe.

Kengele: Na kuoa je? Atangoja kijiji kizima kioe kwanza. Kizazi changu kitaishia kwenye bembea. Weka sahihi, Anania.

Anania akashika kalamu. Hapo akafika Ketrina, mke wa Kengele, na kapu la kahawa mbivu kichwani. Akauliza barua ni ya nini. Anania akamweleza. Akatua kapu, akamgeukia mumewe.

Ketrina: Baba Luka, mara ya mwisho kuletewa mtoto wa watu ana alama za meno ya Lwitiko ilikuwa lini?

Kengele akamtazama Burma. Danford, mwana wa Burma, aling'atwa sikio wiki moja kabla Tabita hajaanza kazi. Burma akatazama birika. Anania akaweka kalamu chini.

Tabita aliangalia watoto pale miaka tisa zaidi. Kengele, Ketrina, Burma na baba mkubwa wamefariki. Tabita yu hai, yuko Ndalambo. Lwitiko na Danford wako hai, wote Chapwa. Sikio la Danford lina kovu mpaka leo.