Loretta na Kiti cha Bwana Asiyetajwa

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuwaamsha watu wa Marlow Creek, na kuwaudhi wengi wao kabla hawajapiga mswaki, Bi. Loretta Vanek anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei. Saa nne asubuhi atavua hedifoni, atachukua kikombe chake chenye ufa na kutoka studio kwa miguu yake mwenyewe. Wapo walioapa kwamba siku moja atatolewa humu kwa kubebwa. Poleni sana, ndugu zangu, mmechelewa!

Alikuja hapa Redio Bonde mwaka 1991 kusoma bei za mahindi na hali ya hewa. Mwenye redio wakati huo, marehemu Merle Stroud, alimwongezea dakika tano za habari za Washington akidhani hazitamdhuru mtu. Wee! Asubuhi ya kwanza tu Loretta alisoma kwamba “afisa mmoja asiyetaka kutajwa jina” amesema hili na lile, akaweka karatasi chini, akauliza hewani: “Sasa huyu bwana, mbona kila siku anaongea na hataki kujulikana? Kwao hawapeani majina?”

Siku ya pili akaja na kiti. Kiti cha mbao, kakitoa jikoni kwake, akakiweka mbele ya maikrofoni ya wageni na kukivalisha kofia ya marehemu babake. Tangu hapo, kila ilipokuja habari ya mtu asiye na jina, Loretta alikigeukia kile kiti, akauliza swali, kisha akanyamaza kusubiri jibu. Sisi wa kazi hii tunajua kukaa kimya hewani ni dhambi kubwa namna gani. Mimi nilikuwa kwenye mitambo, jasho linanitoka, na Merle nyuma ya kioo kajishika kichwa kwa mikono miwili. Kule mgahawani kwa Dottie watu waliacha kutafuna. Jibu halikuja, na mji mzima ukaangua kicheko.

Hakumbagua mtu. Ohio yetu hii ni jimbo ambalo wagombea urais hulikumbuka kila uchaguzi unapokaribia. Huja na buti mpya zisizojua tope, wakala pai ya cheri kwa Dottie mbele ya kamera, wakaondoka hata hawajamaliza kipande. Loretta aliwauliza Warepublikan maswali yaleyale aliyowauliza Wademokrati. Hawa wakasema amenunuliwa na wale, wale wakasema amenunuliwa na hawa. Mwenyewe alikuwa akicheka tu: “Huyo aliyeninunua aje basi, paa langu linavuja!”

Halafu vikaja vita vya Iraki. Televisheni zikajaa majenerali wastaafu wenye ramani na mishale, wakituchambulia vita utadhani wanachambua mechi ya Jumapili. Bendera zilipepea kwenye kila pikapu, na Terry, mwana pekee wa Loretta, alikuwa tayari huko jangwani akiendesha malori ya jeshi. Asubuhi moja ikaja habari: afisa asiyetaka kutajwa jina amesema barabara za misafara ni salama. Loretta akaisoma yote. Akakigeukia kiti, akauliza: “Bwana, mwanangu yuko kwenye barabara hiyo. Ni salama kweli? Wewe umeiona?” Akanyamaza. Siku hiyo kwa Dottie hakuna aliyecheka.

Simu zikawaka moto. “Huoni haya, mama? Vijana wetu wanapigana, wewe unagombana na kiti!” Mwingine akamwita msaliti, mchana kweupe. Loretta akamjibu bila kupandisha sauti: “Mmoja wa hao vijana wenu nimemzaa mimi, kaka. Ndiyo maana nauliza.” Muuza magari akaondoa matangazo yake. Merle akaingia studio amewiva uso: “Kiti kiondoke leo, Loretta, au uondoke wewe!” Loretta akakalia meza. “Basi tubebe sote wawili, Merle. Anza na mimi, mimi ndiye mzito.” Merle akatoka akibamiza mlango. Alirudi na boksi la donati, na hatukusikia tena habari ya kiti kuondoka.

Lakini miezi ile ilimla. Alikonda, na kila simu ilipolia kabla ya kipindi rangi ilimtoka usoni. Terry alirudi mzima mwaka uliofuata, tunashukuru, ila alirudi bila maneno. Alishinda kibarazani kwa mamake akitazama barabara, na yule mama aliyewahoji maseneta hakuthubutu kumuuliza mwanawe hata swali moja.

Sasa sikilizeni hii! Asubuhi moja ya Juni, katikati ya kipindi, mlango wa studio ukafunguka. Terry akaingia, akaondoa ile kofia kitini, akaketi, akaivuta maikrofoni. “Naitwa Terrence Vanek. Nilikuwa dereva kwenye barabara ile. Haikuwa salama hata siku moja. Naruhusu jina langu litajwe.” Loretta alinyamaza, na safari hii si kwa ajili ya mzaha. Kisha akasema: “Asante, bwana. Nimekungoja sana.” Nililia juu ya mitambo, na sioni aibu kusema.

Tangu siku hiyo kiti kikapata wenyewe. Wakaja manesi, wakulima, wajane, hata yule muuza magari, kila mmoja akitanguliza jina kabla ya maoni. Siku hizi mkutano wa halmashauri hauanzi mpaka mtu aseme anaruhusu atajwe. Chama cha watangazaji kilimpa Loretta tuzo ya shaba, nzito kwelikweli. Anazuilia nayo mlango wa choo.

Jumatatu Noreen Tackett anashika maikrofoni, na kiti kinabaki palepale. Loretta anakwenda kulima nyanya na kuwadekeza watoto wa Terry, ingawa ameshatuonya kwamba namba ya simu ya studio anaijua kwa moyo.

Loretta, asante kwa kila swali, na zaidi kwa ule ukimya wako. Tunakuombea afya, nyanya nyingi, na asubuhi za kulala mpaka jua likuchoke. Wewe ni mtangazaji bora kuliko wote niliowahi kuwafungulia maikrofoni. Najua utauliza ni nani kasema. Ni mimi, Gus Petrakis, fundi mitambo, na naruhusu jina langu litajwe.