Mama Povu na Mapenzi ya Maji Baridi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni mezani. Nasema mezani kwa sababu ni saa saba na dakika tano mchana, na najua wengi wenu mna sahani mbele yenu. Kuleni. Ila niwaonye mapema: leo mtangazaji wenu amekuja hewani na kinyaa, na hana nia ya kukimeza.

Tunamkumbuka mwandishi wa hadithi za mapenzi. Amezikwa Jumamosi iliyopita, akiwa na miaka sitini na mmoja. Alikuwa mwandishi wa mapenzi, na kwa miaka ishirini na minane alikuwa dobi wa hospitali. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: mwandishi wa mapenzi, dobi wa hospitali. Wenzake kazini walimwita Mama Povu. Kwanza kwa sababu ya sabuni. Pili kwa sababu akiudhika, mdomo wake haukuwa na breki.

Ukitaka kumjua, ingia kwanza chumba cha kufulia. Kiko nyuma ya wodi, jirani na tanuru la kuchomea taka. Kuna mashine mbili kubwa, moja mbovu. Kuna mapipa manne ya plastiki yenye vifuniko. Kila siku saa moja asubuhi Mama Povu alivaa glavu, akajifunga kitambaa puani, akafungua pipa la kwanza. Kazi ya kwanza si kufua, wasikilizaji. Kazi ya kwanza ni kuchambua. Mikojo huku, usaha kule, matapishi pale. Damu inawekwa peke yake, kwenye beseni la maji baridi na chumvi.

Mdogo wake ni fundi cherehani. Ameniambia jambo ambalo sikulitarajia. Watu hudhani dobi huizoea ile harufu. Mama Povu hakuizoea. Miaka ishirini na minane alichefuka kila asubuhi, na kila asubuhi akaingiza mkono.

Wakati wa mapumziko wenzake walikuwa wakisomeana vitabu vya mapenzi. Vile vyenye msichana wa kiuno cha nyigu na kijana mwenye gari. Mama Povu alivichukia kupita kiasi. Alikuwa akisema, "Huyu msichana hana utumbo. Sura thelathini hajaenda chooni." Alilalamika kwamba binti akilia hatokwi na kamasi, akiugua hanuki mdomo, na akifa anakufa kasafishwa tayari. Kwa hiyo alipoanza kuandika aliapa kuandika upelelezi. Alijaza daftari nne.

"Dada alikuwa anaua mtu kila ukurasa wa pili," mdogo wake ananiambia. "Nikamuuliza, sasa nani atabaki wa kukamatwa?"

Hakuna mchapishaji aliyetaka hizo maiti. Akajaribu mizimu, nayo ikamchosha, maana mzimu hauchafui shuka. Miaka tisa ilipita hivyo. Alikuwa na kiu ya kuitwa mwandishi, na hakujua anaandika nini wala anamwandikia nani.

Ndipo alipokuja mtu dirishani pa chumba cha kufulia.

Alikuwa fundi saa. Mwanamume mdogo wa umbo, kucha safi, mwenye alama ya duara kuzunguka jicho moja kwa sababu ya ile lenzi ya kazi yake. Mkewe alikuwa wodini mwezi wa pili, akivuja damu. Mke alikataa kulalia shuka lenye muhuri wa hospitali, kwa hiyo mume alileta mashuka ya nyumbani, ya maua ya buluu. Kila alfajiri, kabla wauguzi hawajapita, alikuwa akimgeuza mkewe taratibu, anatoa shuka lililochafuka, analipeleka kwenye bomba la nje, na kulimwagia birika zima la maji yanayochemka. Akasugua na kusugua. Doa likazidi kuwa jeusi. Akaja kuuliza kama kuna dawa kali zaidi.

Mama Povu akamtolea uvivu. Nani alikufundisha kuchemsha damu? Maji moto yanaipika damu kama yai, ikishaiva kwenye uzi haitoki mpaka kiyama. Damu ni maji baridi na chumvi, basi. Fundi saa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akajieleza, polepole, kama mtu aliyeshikwa na kosa. Alidhani kumfulia mke kwa maji baridi ni dharau. Maji baridi si ndiyo ya kufulia matambara? Kwa mtu unayempenda unachemsha.

Kosa lile lilimkaa Mama Povu moyoni. Kesho yake alfajiri akasogea dirishani kumtazama. Fundi saa alilowesha shuka kwa maji baridi, akatia chumvi. Maji yakageuka mekundu. Fundi saa akaelekea ukutani, akatapika. Akasukutua kinywa. Akajipangusa, akavuta pumzi, akarudi wodini, na sauti yake ikasikika ikimtania mkewe kwamba leo ameamka na nywele za malkia. Mama Povu alimtazama asubuhi kumi na moja. Zote kumi na moja alitapika. Zote kumi na moja alirudi.

"Alikuja kwangu hata viatu vya kazi hajavua," anasema mdogo wake. "Akasimama hapo mlangoni, akaniambia, 'Mdogo wangu, nimeyaona mapenzi. Yananuka.'"

Ndivyo Mama Povu alivyopata fani yake, wasikilizaji. Ile ile aliyoidharau. Akaandika hadithi ya kurasa arobaini, akaiita *Maji Baridi*. Ina mume, mke, shuka, bomba na ukuta. Akaipeleka kwa mchapishaji.

Sasa hapa ndipo mate yananijaa mdomoni, na si ya hamu. Mhariri wa nyumba ile ya vitabu aliisoma akishika karatasi kwa ncha za vidole. Akasifu moyo wa hadithi. Kisha akamwambia kwamba msomaji anataka kuota, hataki kufua. Akaomba marekebisho madogo. Mama Povu alikuwa amengoja miaka tisa kusikia neno ndiyo. Akakubali. Sitamhukumu kwa hilo. Mwenye kiu haulizi kikombe.

Marekebisho madogo yalikuwa haya. Mke mgonjwa akawa mhudumu wa ndege. Kuvuja damu kukawa kupoteza kumbukumbu, tena kistaarabu, bila kuchafua hata foronya. Fundi saa akawa daktari mwenye bustani. Shuka likawa barua. Hata jina la hadithi liliondolewa, likawekwa jingine lenye waridi ndani. Na jalada likapuliziwa manukato, ndugu zangu. Manukato, juu ya karatasi. Nina nakala hapa studio, na mpaka leo inanuka kama chumba cha kuoshea nywele. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kitabu kilisomwa sana. Wakati huo mke wa fundi saa alikuwa ameshafariki. Mjane yule akasikia kwamba dobi ameandika habari zao, akakitafuta, akakisoma chote. Siku moja akaja dirishani, akakirudisha kikiwa kimefungwa gazetini.

Alimwambia, "Mama, nimemtafuta mke wangu humu ukurasa kwa ukurasa. Hayumo."

Hakugomba. Aliaga vizuri akaenda zake. Mama Povu alichukua kile kitabu akakiweka chini ya mguu wa mashine iliyokuwa ikiyumba, na hakukitoa tena. Mdogo wake anasema aliporudi nyumbani siku hiyo aliosha mikono mara nne, na hakuwa ameshika chochote. Alijichefua mwenyewe. Kufua uchafu wa watu hakukuwahi kumpa aibu, kuuficha kukampa.

Akaiandika *Maji Baridi* upya, vile vile ilivyokuwa. Akatoa nakala thelathini, akazibana kwa pini, akaziacha kwenye benchi wanalokaa ndugu wa wagonjwa. Hakuweka jina. Zikaisha kwa siku mbili. Watu wakaanza kuja dirishani, maana wapo waliomwona akiziweka. Wengine walitaka kujua tu kama chumvi inatangulia. Lakini alikuja mwanamke mmoja, mumewe alikuwa na kidonda kisichofunga, akaegemea dirisha. Kisha akasema, "Nilidhani simpendi tena, kwa sababu nikimgusa nachefuka. Nilikuwa najiandaa kumkimbia." Hakukimbia, wasikilizaji. Mama Povu alikuwa akikisimulia kisa hicho kwa fahari kuliko sifa zote za kile kitabu cha manukato. Sasa alijua anamwandikia nani.

Akabaki na tamaa moja tu. Alitaka *Maji Baridi* isikike redioni, kwa sababu anayemuuguza mtu hana mkono mtupu wa kushika kitabu, lakini sikio analo.

Wasikilizaji wapendwa, alikuja hapa. Alikuja kwangu mimi. Ni miaka sita sasa. Aliketi kwenye kiti cha mapokezi na bahasha magotini, amevaa gauni lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Nikaichukua ile bahasha. Nikasoma hadi ukurasa wa tatu, pale mume anapotapika mara ya pili, nikafunga. Nikamwambia, Mama, kipindi chetu ni saa saba, watu wanakula.

Akaniuliza, "Na wanaouguza, wao wanakula saa ngapi?"

Nikatafuta mlango. Niliiacha bahasha mapokezi arudishiwe, nikatokea nyuma. Wiki iliyofuata nikasoma hewani sura mbili za yule mhudumu wa ndege. Nilizisoma kwa sauti tamu. Mkinisikia leo nawaponda mhariri na wengine, jueni kwamba kinyaa changu kimeanzia nyumbani.

Mwaka huu Mama Povu aliugua tumbo. Alilala wiki kumi na moja, nyumbani, chumba cha nyuma. Mdogo wake alifunga cherehani akamuuguza. Alimfulia kwa maji baridi na chumvi, akifuata maelekezo kutoka kitandani, na akikosea alifokewa. Kaka yao mkubwa, mkaguzi wa shule mstaafu, alikuja mara tatu. Mara zote tatu alisimama mlangoni, leso puani, akauliza hali, akaondoka kabla ya jibu. Siku ya mazishi ndiye aliyekaa mstari wa mbele. Ndiye aliyezungumza kwa niaba ya familia, akatukumbusha kwamba damu ni nzito kuliko maji. Mimi nilikuwepo. Nilimtazama mdogo wake, mikono imepauka kwa sabuni hadi viwiko, ameketi nyuma karibu na masufuria.

Jumapili, siku moja baada ya mazishi, kaka alifika na vijana wawili kusafisha chumba. Walitoa godoro. Walitoa mashuka. Walitoa na sanduku la karatasi lililokuwa chini ya kitanda. Wakaviweka uani, wakatia kiberiti.

"Nilikuwa jikoni," mdogo wake ananiambia. "Nilisikia harufu ya godoro linaungua. Nilipofika, daftari zilikuwa zimekwisha."

Hadithi kumi na nne zilizokuwa humo. *Maji Baridi* pia. Narudia, na natamani nisingelazimika kurudia: hakuna nakala iliyobaki nyumbani. Fundi saa alikwisha kufa. Hospitali imehamisha chumba cha kufulia. Na ile bahasha iliyopita mikononi mwangu, niliirudisha.

Leo asubuhi kaka mtu alinipigia simu. Alikuwa na adabu zote. Aliomba nimtaje marehemu kama mwandishi wa mapenzi, inatosha, na nisome kidogo kutoka kile kitabu chenye waridi. Habari za mavi na damu, alisema, ni aibu ya familia. Nilimsikiliza, na ile ilikuwa sauti yangu mwenyewe ya miaka sita iliyopita.

Mzee wangu, natoa pole kwako. Umefiwa, na nadhani bado hujui umefiwa na nani. Pole nyingi zaidi ziende kwa mdogo mtu, fundi cherehani, ambaye najua ananisikiliza sasa hivi. Mama, umefanya kazi. Mungu akupumzishe nawe, ukiwa bado hai. Pole kwa madobi wa hospitali, na kwa kila aliyeacha chakula chake sasa hivi akaenda kumgeuza mgonjwa chumba cha pili. Nawaomba wengine mtafakari jambo moja wakati mnaosha vyombo: yule mnayesema mnampenda, mmeshawahi kumshika akiwa hashikiki?

Sisomi kitabu cha manukato. Mdogo mtu anaikumbuka kwa moyo sentensi ya kwanza ya *Maji Baridi*, na hiyo ndiyo pekee tuliyo nayo. Ni maneno matano. Nayasema sasa, saa saba na nusu, watu wanakula: "Mume alitapika, akasukutua, akarudi ndani."

Zilikuwa nakala thelathini, wasikilizaji. Hazina jina la mwandishi, hazina jalada, zimebanwa kwa pini mbili upande wa kushoto. Zilichukuliwa kwenye benchi la hospitali na watu waliokuwa wakiuguza watu. Kama wewe ni mmoja wao, angalia kabatini, angalia chini ya nguo za marehemu wako. Hata ikiwa imeloa, hata ikiwa ina doa, hata ikiwa imebaki nusu, ilete hapa kituoni kama ilivyo. Usiifute. Mlango uko wazi kuanzia saa mbili asubuhi, na mlinzi nimemwambia asimuulize mtu chochote.