Mama Dative na Vibao vya Udongo vya Sumeri

Ndugu wapendwa muliofika kutufariji, mimi ni Ange, mutoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma nisome maisha ya mama yetu, Dative Niyigena.

Alizaliwa katika muji wa Kiwanja, upande wa Rutshuru, tarehe 14 Machi 1961, mutoto wa Papa Damascène na Mama Nyiramahirwe, walimaji wa maharagi, akasoma shule ya musingi palepale, akapata diplome ya Serikali ya kumaliza sekondari hapa Goma mwaka 1980, akasomea historia Lubumbashi, na mwaka 1986 akapata bursa ya kulipiwa masomo Ubelgiji, ambako kwa miaka miwili alijifunza kusoma vibao vya udongo vya Sumeri, inchi ya zamani iliyokuwa kule Irak ya leo, ambamo makarani waliandika kwa tete mambo ya serikali na sala za mahekalu yao. Waliomuuliza elimu hiyo itamusaidia nini Kivu, aliwajibu kwamba yeye pia anangoja kujua, lakini anaipenda.

Alirudi mwaka 1988, akafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Himbi, na tarehe 4 Agosti 1990 akafunga ndoa na Papa Grégoire, dereva wa kamyo ya kubeba mizigo ya Rutshuru, Mungu akawapa watoto wane, sisi tunaosimama hapa.

Januari 2002 volkano iliunguza nyumba yetu ya Murara pamoja na vitabu vyake vyote, papa akaogopa kwamba mama atavunjika moyo, lakini mama akamuambia: « Papa Ange, vitabu vyangu vilikuwa karatasi, vimekwisha. Nyumba za Wasumeri zilipoungua, moto uliivisha vibao vyao vikawa vigumu zaidi. Uniletee udongo. » Papa akaleta udongo wa Kiwanja katika kamyo yake, chini ya muzigo wa ndizi, na wanafunzi wakaanza kuandika alama za Sumeri kwa vijiti vya matete.

Mwaka uliofuata wazazi wa wanafunzi walitaka afukuzwe kwa ajili ya vibao hivyo, na Muzee Aksanti, aliyeongoza komite yao, anayeketi hapa mbele leo, akaja darasani akamuambia: « Mwalimu, tulileta watoto wasome, hatukuwaleta waabudu sanamu. » Mama akamupa kiti, akamusomea kibao kimoja cha hesabu ya kondoo walioletwa hekaluni, nani aliwaleta, nani aliwapokea, kisha akasema: « Muzee, siwafundishi kuabudu. Ninawafundisha kwamba hata mutumishi wa hekalu, akipokea kitu cha watu, anaandika, ili aweze kuulizwa. » Muzee alikaa mpaka kengele, akarudi kwa komite, akasema mwalimu anabaki, na kwenye mavuno yaliyofuata parokia yake ikaanza kubandika mulangoni majina ya waliotoa maharagi na mihogo, pamoja na jina la aliyepokea.

Ugonjwa wa figo ulionekana mwaka 2023, akaendelea kufundisha akitibiwa, hata barabara zilipofungwa na dawa zikakosekana, akafariki tarehe 9 Oktoba 2025, na asubuhi ileile alikuwa amemusahihisha muuguzi aliyekosea tarehe.

Tunashukuru madaktari na wauguzi waliomupigania, majirani wa Himbi wanaotupikia tangu kilio kilipoanza, na walimu wenzake, ambao kati yao Madame Nabintu, aliyekuwa mwanafunzi wake, atashika darasa kuanzia Jumatatu, kwa hiyo wanafunzi mufike mapema.

Mama, tunakuachilia kwa Mungu bila woga, pumzika kwa amani.