Mstari wa Njano wa Lowell Kunselman

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, Lowell Kunselman anavua aproni yake baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne katika Duka la Bunduki la Stiver. Aproni yenyewe itabidi tuichome nyuma ya duka, maana hata mbwa wa Marlene amekataa kuilalia.

Marlene Stiver, mwenye duka, ndiye aliyeniomba niandike ukurasa huu wa programu ya sherehe yake ya kustaafu, kwa kuwa nimefanya kazi na Lowell miaka ishirini na miwili, mimi mbele kwenye kaunta, yeye nyuma kwenye meza ya ufundi. Alinisihi niandike kwa heshima. Nitajaribu. Shule niliiacha darasa la nane, na nadhani heshima walikuwa wanaifundisha darasa la tisa.

Lowell alikuja kwetu kutoka kiwanda cha mbao, akijua kunoa misumeno na kutukana. Baba yake Marlene, marehemu Harvey, alimwekea mezani sanduku la vipande vya bunduki moja ya muundo wa kijeshi, hizi nyeusi zinazojipakia risasi zenyewe baada ya kila kufyatua, akamwambia aviunganishe. Lowell aliviunganisha kwa siku mbili, akabakiwa na springi moja mkononi. Harvey akacheka mpaka akakaa chini. Akamwajiri hapo hapo, kwa sababu, alisema, fundi mwingine angeificha ile springi mfukoni.

Siku hizo bunduki hizo zilikuwa chache, na wawindaji wetu wazee waliziita midoli. Leo wateja saba kati ya kumi wanakuja kwa ajili ya hizo, na wote wana swali lile lile: mtutu gani ni bora? Huu mwembamba uliopakwa kromu ndani, au ule mnene wa chuma kisichoshika kutu? Inchi kumi na sita au kumi na nane? Mimi nilikuwa na jibu la haraka, nikimwonyesha mteja ulio karibu na mkono wangu. Lowell jibu lake lilikuwa moja: "Nionyeshe matundu kumi."

Ndivyo ilivyoanza Jumamosi ya Karatasi, kila Jumamosi ya pili ya mwezi, kwenye uwanja wa shabaha nyuma ya duka. Unaweka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, unapiga risasi kumi kwenye karatasi moja, umbali wa yadi mia. Si tatu. Risasi tatu zinaweza kukaa pamoja kwa bahati hata kwenye bomba la maji. Kisha Lowell anapima upana wa yale matundu, anaandika aina ya mtutu, anaitundika karatasi ukutani, nzuri kwa mbaya. Hakuna kuchagua.

Aliokuwa hawezi kuwavumilia ni watu wa karatasi ya mfukoni. Mnawajua, na wengine mmekaa meza moja nao sasa hivi. Ni yule aliyepata matundu matatu yaliyogusana mwaka fulani, akaikata karatasi, akaiweka kwenye pochi. Dwight Fetterolf anayo ya kwake karibu na picha ya mkewe, na ukitazama mikunjo utajua ipi inatolewa mara nyingi.

Mtu akija kutaka kifyatulio kipya, kitako kipya na kile kidude cha mdomoni mwa mtutu cha kupunguza mtikisiko, Lowell alikuwa akimwambia, "Badilisha risasi kwanza. Ikishindikana, badilisha mpigaji." Marlene alikuwa akijifungia ofisini asisikie. Lakini wateja walirudi, miaka thelathini na mmoja, kwa sababu alichokisema Lowell kilikuwa ukutani.

Sharti lake la pili lilikuwa kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. La tatu ni mstari wa njano. Kila skrubu aliyoikaza kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, aliipitishia mstari mwembamba wa rangi ya kucha, kutoka kwenye kichwa cha skrubu mpaka kwenye chuma cha jirani. Skrubu ikilegea, mstari unakatika, unaona kwa macho. Rangi hiyo alikuwa akiinunua mwenyewe, na mkewe Nadine mpaka leo anaulizwa kwenye duka la vipodozi kama bado anapenda njano.

Sasa niwaeleze kwa nini leo kidogo mngekula keki hii bila yeye.

Mwezi wa tano Dwight alileta sanduku: mtutu mnene wa inchi kumi na nane, kifyatulio, kitako, na darubini yake ifungwe upya kwenye kikalio kipya, kile kipande kinachoishikilia juu ya bunduki. Vyote kwa mpigo.

"Kimoja kimoja, Dwight," Lowell akamwambia.

"Bwana, mimi nina miaka sitini na sita. Kimoja kimoja nitakufa nina kitako tu."

Lowell akafunga vyote. Jumamosi ya tarehe 14 Juni, Dwight akapiga matundu yake kumi. Mtutu wake wa zamani, ule wa kawaida, ulikuwa ukimpa inchi mbili. Huu mpya ulitoa inchi tatu na nusu. Karatasi ilionekana kama imeliwa na panya.

"Umeniharibia bunduki, Kunselman," Dwight akasema mbele ya watu ishirini, na hakuwa anatania.

Lowell hakubisha. Aliitundika karatasi, akamgeukia Marlene. "Kama kosa ni la mkono wangu, msinifanyie sherehe. Siwezi kukaa ukumbini nikala keki ya watu niliowaharibia."

"Mzee Lowell, nimeshaagiza chakula, pierogi za watu mia moja na arobaini!"

"Basi mtashiba."

Na kwa mnaomjua, alimaanisha.

Kuanzia Jumatatu alifanya kazi kwa sharti lake. Akarudisha kifyatulio cha zamani, akapiga kumi: vile vile. Akarudisha kitako: vile vile. Akabadilisha risasi: vile vile. Jumatano akatoa mtutu mpya, akarudisha ule wa zamani, na ule wa zamani nao ukatawanya. Mimi nilishangilia, nikidhani mtutu umeshinda kesi. Yeye akakaa kwenye kiti chake, akasema polepole, "Si mtutu, Orrin. Ni mimi."

Nikamwuliza kuhusu skrubu za darubini, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza anachomwuliza kila mteja. Akaniinulia bunduki nione. Mstari wa njano ulikuwa mzima, umenyooka kama ulivyopakwa. Tukaachana nazo.

Alhamisi mchana nilitaka nafasi mezani pa kuweka mkate wangu wa soseji ya paa. Nikaiondoa ile bunduki kwa kuishika kwenye darubini, kama nishikavyo sufuria. Hilo ni jambo ambalo Lowell amenikataza tangu siku ya kwanza, na silijutii, maana mkononi nilisikia kitu kikigonga, kidogo sana, tik.

"Usiibebe kwa darubini! Miaka ishirini na miwili, Orrin, una kichwa cha mbuzi?"

"Lowell, hii kitu inacheza."

Akachukua spana. Skrubu ikazunguka karibu nusu mzunguko ndipo ikakazika, na mstari ukakatikia mbele ya macho yetu. Ulikuwa mzima kwa sababu ulipakwa juu ya skrubu iliyokazwa kwa vidole tu.

Nilijua mara moja ilivyotokea, na nilitamani nisijue. Siku ile akifunga vifaa vya Dwight, alipofika kwenye skrubu za kikalio, spana ya kupimia haikuwepo mezani. Nilikuwa nayo mimi, nakazia mpini wa mashine ya kahawa. Rangi ilikuwa imeshafunguliwa, akapaka mstari kabisa huku akiingoja spana. Halafu nikamwita mbele aamue ugomvi wangu na mteja mmoja, kama haluski, kile chakula cha kabichi na tambi, inawekwa nyama ya nguruwe au la. Ugomvi ulichukua saa nzima. Aliporudi, alikuta mstari wa njano, na mstari wa njano maana yake ni kazi imekwisha.

Nilimweleza yote hayo nikitarajia aniangushie lawama. Alisema tu, "Spana uliichukua wewe. Rangi niliipaka mimi."

Ijumaa vifaa vyote vya Dwight vilikuwa vimerudi mahali pake. Dwight akapiga kumi. Inchi moja na kidogo tu. Akaenda kuichukua karatasi, pochi tayari imefunguliwa.

"Hiyo ni ya ukutani," Lowell akasema.

Akazitundika mbili pamoja, ile safi na ile ya panya, na chini ya ile ya panya akaandika kwa kalamu nene: *Kosa la fundi. Mstari kabla ya spana. L.K.*

"Toa hiyo, bwana, tumeshamalizana," Dwight akamwambia, na safari hii sauti ilikuwa ndogo.

"Ukiitoa hiyo, zitoe na nyingine zote."

Haikutolewa. Nendeni mkaione, iko katikati, usawa wa macho. Dwight alisimama mbele yake, akatoa ile karatasi yake ya mfukoni, ya matundu matatu, akaitafutia pini. Nadhani picha ya mkewe sasa inapumua.

Jumatatu Marlene akaingia nyuma kwa woga kuuliza kuhusu sherehe. Lowell hakuinua kichwa. "Keki ya aina gani?"

Kwa hiyo hapo alipo, meza ya mbele, amevaa tai aliyofungiwa na Nadine. Lowell, kwa niaba ya Marlene, wateja, na mashine ya kahawa, asante kwa kutufundisha kuhesabu mpaka kumi. Tunakuombea siku ndefu na magoti yasiyokuuma, na samaki wakubwa utakaowapima bila kuongeza. Kiti cha kubembea kilicho kando yako ni zawadi yetu. Kina boliti kumi na mbili, kila moja ina mstari wa njano niliopaka mimi mwenyewe. Kaa bila wasiwasi, rafiki yangu. Tulianza na spana.

Orrin Shaffer, kaunta ya mbele